Kaseti Niliyoifuta

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniazima kitabu kinachozungumzia simu, kompyuta na sheria. Nimekisoma chote, na nimekasirika. Mwandishi anasema siri ya mazungumzo ni jambo la watu wa kisasa wenye nafasi. Eti sisi wa mitaa ya kubanana hatukuwahi kuijua, kwa sababu kila mtu anasikia kikohozi cha jirani yake. Nyoo! Angekuja mtaani kwetu Buyenzi wakati wa vita akaniuliza mimi.

Miaka hiyo nilikuwa mjane. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa radio, akaniachia moja kubwa yenye kurekodi. Barabara hazikuwa salama, posta ilikuwa ya kubahatisha, na wengi walikuwa na ndugu waliokimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Basi watu wakawa wanakuja kwangu kurekodi barua. Mtu analeta kaseti yake, namwonyesha pa kubonyeza, natoka. Nakaa kizingitini, mlango nimeupa mgongo, nachambua mchele, na hakuna anayesogea karibu. Akimaliza ananiita, nachukua kisu na kuvunja vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kaseti, ili asije mtu akarekodi juu yake. Sikuwahi kusikiliza kaseti ya mtu, na wallahi si kwa kukosa hamu, maana mimi ni mbea kama wengine.

Kati ya waliokuja alikuwamo mama mmoja aliyekimbia mapigano ya mtaa wa Kinama, akapanga chumba kwenye ua wetu. Mwanawe wa pekee alikuwa anatafutwa. Kosa lake, kadiri nilivyojua, lilikuwa kuwa kijana na kutoka Kinama. Kuna watu walimvusha hadi Uvira. Yule mama aliongea nusu saa nzima, upande mmoja wa kaseti, akatoka macho mekundu lakini uso umechangamka.

"Dada," akaniambia, "nimewasalimia wote. Wale waliomuvusha, na yule anayemulaza kwake. Mumoja mumoja kwa jina lake, sikusahau mutu."

Majina hayo yakiangukia mikono mibaya, wote wamekwisha. Lakini ningemlaumu vipi? Kwetu ukisalimia bila kutaja majina umewatukana watu.

Kaseti ilikuwa iondoke kesho yake na mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge Uvira. Kabla hajapita, karibu na adhuhuri, akaingia bwana wa usalama, shati limepigwa pasi, pamoja na shefu wa kartiye, yaani mkuu wetu wa mtaa. Kuna mtu alikuwa amesema.

"Mama, kaseti ya yule mwanamke wa Kinama iko wapi?"

Ilikuwa mezani mbele yake, jina la kijana limeandikwa juu. Akanyoosha mkono. Damu ilinichemka, nikaweka kiganja changu juu ya kaseti.

"Apana, bwana. Bila karatasi ya hakimu, hii haitoki humu. Ni barua ya mutu. Iko kwenye sheria."

Sheria gani? Niliitunga papo hapo! Kitabu cha sheria nilikuwa sijakishika hata kukipangusa vumbi. Wanawake wa uani walikuwa wamejaa dirishani wanatazama. Angeweza kunizaba kibao na kuichukua, nami nilikuwa nakingoja hicho kibao. Lakini bwana yule alikuwa na majivuno ya msomi, hakutaka akina mama waone kwamba hana karatasi. Akacheka.

"Karatasi? Nitakuletea karatasi. Saa moja tu. Shefu, we baki hapa, kaseti isitoke ndani ya nyumba hii."

Shefu akavuta kigoda hadi kizingitini. Naye aliwahi kurekodi kwangu, barua ya ndugu yake. Akanitazama kidogo, halafu akageuka, akaupa mlango mgongo kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye.

Mtume! Nikajikaza kisabuni. Vijino nilikuwa nimekwisha vivunja, kwa hiyo kitufe cha kurekodi kikagoma. Nikatafuna kipande cha karatasi, nikakijaza kwenye tundu, kikaanguka. Nikatafuta plasta ya kidonda, nikaibandika, nikajaribu, kitufe kikaingia kwa kishindo. Shefu lazima alikisikia. Akaanza kulalamika kwa sauti juu ya joto, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Alipomaliza nikairudisha kaseti mwanzo, nikarekodi juu ya sauti ya yule mama. Kaseti haifutiki kwa pupa. Sauti ya nusu saa inafutika kwa nusu saa. Nilikaa nimeziba mdomo, machozi yananitoka, maana kila neno la yule mama lilikuwa linakwenda zake na sikujua hata ni neno gani. Labda dua, labda utani, labda ndiyo dakika aliyomwambia asioe haraka.

Bwana akarudi na karatasi yenye muhuri. Akabonyeza. Tukasikia nyundo za magereji ya mtaani, jogoo, na adhana ya adhuhuri. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sauti yake iko wapi?"

"Umeleta karatasi ya kaseti, bwana. Kaseti ni hiyo hapo, chukua."

Kibao changu kikaja. Radio nayo akaibeba.

Jioni nilimweleza yule mama. Alikaa chini, akapiga magoti yake kwa ngumi, kisha akasema nimefanya vizuri. Lakini hakutaka kusema tena ndani ya mashine ya mtu yeyote, na mvua zilizofuata homa ikamchukua.

Sasa huyo mwandishi ana sura nzima juu ya hati ya hakimu na siri ya barua. Kumbe sheria yangu ya kutunga ipo kweli! Nilicheka peke yangu kitandani. Lakini anaposema watu kama sisi hatukuijua, namwambia hapa hapa: thubutu. Shefu wetu hakuwa amesoma kitu, na aliijua.

Vita vilipotulia kijana alirudi, mwanamume mwenye ndevu. Alikwisha sikia habari. Hakutaka chai, hakutaka kukaa. Aliniuliza mama yake alimwambia nini siku ile.

"Sijui, mwanangu. Sikusikiliza."

"Hata neno moja, mama? Nusu saa muzima, apana hata neno moja?"

"Hata moja."

Akaniambia sikuwa na haki. Yale maneno yalikuwa yake. Ni kweli, yalikuwa yake, na hilo linaniuma mpaka leo. Nikamwambia niliyafuta ili aje kuniuliza akiwa anapumua, na kwamba yule bwana akija kesho nitafuta tena. Alitoka bila kuaga, na salamu zangu hajibu hadi sasa. Na akasirike. Yuko hai.