Figo Moja na Bahasha ya Vidonge

Zamani, enzi za magari kulala foleni Kigongo yakingoja kivuko, nilivuka na dume la ng'ombe la baba mkubwa. Tulipofika ng'ambo likagoma kushuka. Wanaume tukavuta, tukasukuma, wapi. Mdogo wangu wa kike, wakati ule hata kifuani hajanifikia, akavua mtandio wake, akalifunga macho, akalikuna shingoni, likamfuata taratibu mpaka nchi kavu. Nilichekwa siku ile! Baba mkubwa naye alikuwa mkali, ila habari zake ni ndefu, tuziache.

Nataka kusema juu ya huyo mdogo wangu. Alipokuwa mtu mzima, ana mji wake Butimba, mafigo yake yote mawili yakafa. Ndugu tukapimwa, vipimo vyangu vikalingana na vyake, nikampa moja. Mimi shule niliiacha darasa la nne, mambo ya mwilini siyajui. Yeye, kwa kumeza dawa kila siku, amekuwa kama aliyesomea. Kila asubuhi ananipigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Hili ulilonipa halijambo. Hilo ulilobaki nalo limeshakunywa maji?"

"Limekunywa."

"Muongo wewe. Sauti imekauka hivyo!"

Sasa, ugonjwa wangu mimi ni chafya. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda juu kama moshi, macho yananiwasha, pua inakuwa bomba. Dawa nilikuwa nachukua kwa rafiki yangu mwenye duka la dawa Mkuyuni. Mcheshi sana yule. Hujamaliza kueleza, vidonge viko kwenye bahasha ya karatasi, na umeshacheka mara tatu. Habari ya figo sikumwambia. Niliona haya. Ukisema una figo moja, watu wanasema umeliuza.

Siku moja mdogo wangu akaja kunisalimia, akaikuta bahasha juu ya meza.

"Kaka, hiki cha nini?"

"Cha chafya."

"Na hiki cheupe?"

"Nacho cha chafya, nadhani."

"Unadhani!" Akanishika mkono kama mtoto mpaka famasi moja kubwa mjini.

Dada wa pale alivimwaga kwenye sahani, akavitazama. Cha njano ndicho cha chafya. Cheupe ni cha maumivu, cha aina ile inayoumiza figo. Chekundu cha kuzibua pua, kinapandisha presha, na presha nayo inalila figo polepole. Mdogo wangu alipomwambia nina figo moja, akataka kuona kipimo changu cha mwisho, nacho mdogo wangu alikibeba mkobani. Alipokisoma ndipo akanipa dawa moja tu ya chafya, kidonge kimoja kwa siku, akasema nisiongeze kingine bila kuuliza. Mdogo wangu alimuuliza maswali mengi hadi nikaona aibu, ila moyoni nilifurahi. Nani mwingine angehangaika hivyo na pua ya mzee?

Kesho yake tukaenda Mkuyuni pamoja. Sikwenda kugombana. Nilitaka rafiki yangu awe anawauliza watu kwanza. Nikaweka bahasha mezani, nikasema mbele ya wateja, "Mimi nina figo moja. Lingine nilimpa huyu."

Akacheka. "Figo moja? Basi kunywa nusu nusu, mzee wangu!" Akatoa kile cheupe, akakivunja vipande viwili mbele yetu. "Na wewe mama, kaka yako alikuuzia bei gani?"

Wateja wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alitazama chini, akawa anavuta pindo la kanga yake.

Nilimpenda yule bwana, sisemi uongo. Nikamshika mdogo wangu mkono, tukatoka.

"Mzee wangu, nilitania tu! Mzee!"

Sikugeuka. Na duka lile sijakanyaga tena.