Mwaka Niliomkimbia Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja ya masika kule Kilolo, mwanangu, nimejibanza nyuma ya ghala la mahindi nikichungulia kama mwizi wa kuku. Mtoto wangu wa miezi mitano alikuwa amelala juu ya ngozi ya mbuzi kwenye kizingiti cha mzee mmoja, anaumwa kufa, na ni mimi niliyemweka pale nikakimbia. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu. Tangu niolewe nilikuwa sijamwambia neno hata moja.

Usinihukumu kabla sijamaliza. Najua ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu sebuleni, mnacheka nao, mnabishana nao habari za mpira. Siwalaumu, na pengine nawaonea wivu kidogo. Lakini wewe uliyejifungua juzi umeniuliza mwaka wangu wa kwanza wa kuitwa mama ulikuwaje, basi kaa nikueleze, na huyo mchanga mwache anyonye.

Mimi ni mtoto wa Rungwe, Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwetu wakati ule binti akishaolewa hamtazami baba wa mumewe usoni. Hasemi naye, halitaji jina lake, hapiti njia anayopita yeye. Akimwona kwa mbali anajifunika nguo kichwani na kuingia migombani mpaka mzee apite. Mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote, na nyumba yetu ilisifiwa kwa heshima. Tulikuwa Wakristo tuliobatizwa, tunaimba nyimbo zote za kanisani bila kitabu, lakini jambo hilo ubatizo haukuligusa.

Mume wangu alikuwa Mhehe, fundi seremala aliyekuja kwetu kuezeka shule ya misheni. Alinioa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, akanipeleka kwao kwa lori, siku mbili za vumbi kupitia Mbeya na Iringa, nami nikiwa na mimba changa natapika kila kona. Tulipofika Kilolo, baba mkwe alikuwa amesimama uani kutupokea. Mtu mrefu, mkimya, amejifunga mgolole, ile shuka nyeusi ambayo wanaume wa Kihehe huivaa begani. Alininyooshea mikono yote miwili. Nikajifunika kichwa, nikamgeuzia kisogo, nikakimbilia jikoni.

Tena nilijisifu. Nilikaa jikoni kwenye moshi nikajiambia, leo wameona kwamba nimelelewa. Haikunipitia akilini kwamba Wahehe wana heshima yao nyingine. Kwao mke wa mtoto hupiga magoti, husalimu kwa sauti ya chini, humnawisha mzee mikono, lakini hakimbii. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Mume wangu alijua, akaona ni kitu cha kuchekesha tu, akasema nitazoea. Kisha akaenda Mufindi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, akaniacha na wazazi wake, na Kihehe chenyewe nilikuwa sijui hata cha kuombea chumvi.

Lwitiko alizaliwa mwezi wa kumi. Mwanangu, mambo mengine siwezi kuyasema vizuri hata leo. Nilishinda nikimtazama kucha zake. Alikuwa na kucha, zote, kila moja mahali pake, na hakuna mtu aliyemsaidia kuziweka. Akipiga miayo nilishtuka kama nimeona mlima unajongea. Sikuamini kwamba kiumbe kile kimetoka kwangu, mimi ambaye ugali wangu bado ulikuwa na madonge. Niliogopa furaha yenyewe, nikawa nasali kwa kunong'ona nisije nikamwamsha Mungu akakumbuka kuuliza nani amenipa.

Baba mkwe alitaka kumwona mjukuu wake. Kila asubuhi alikuja mpaka mlangoni, akakohoa kuonyesha kwamba amefika. Nami kila asubuhi nilimtia mtoto mgongoni nikatokea mlango wa nyuma, mbio mpaka kwenye mianzi. Mama mkwe alimpelekea mtoto mara mbili tatu, lakini nilisimama nyuma ya mlango roho juu nikingoja arudishwe. Mwisho mzee akaacha kuja. Nikaona sasa tumeelewana.

Ndipo ikaja ile siku ya masika. Mama mkwe alikuwa Ilula msibani, siku ya pili. Mtoto alikuwa amekohoa tangu jana yake, na palipopambazuka nikaona mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Alikuwa wa moto, na hakutaka ziwa. Nikamfunga mgongoni nikashuka peke yangu kuelekea hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto. Nilipofika mtoni, lile daraja la magogo halikuwepo. Maji yalikuwa yamelichukua, mekundu, yanapita na matawi ya miti. Majirani wote walikuwa mashambani, upande wa juu kabisa. Nikarudi nyumbani nikilia. Mtu mmoja tu alikuwa karibu, na aliujua mto ule tangu utoto wake. Alikuwa ndani ya nyumba yake, hatua arobaini kutoka kwangu, anapasua mianzi ya kusukia matenga.

Sasa nisikilize vizuri, maana sijivunii. Sikumwita. Nilikaa jikoni na mtoto anayekata pumzi, nikisikia panga la mzee likipasua mwanzi, nikangoja. Nilingoja mama mkwe arudi, mume wangu atokee kimiujiza, jirani apite. Jua lilipanda mpaka likafika utosini. Kila nilipoinuka kwenda kumwita, miguu iligoma, kwa sababu niliona sura ya mama yangu akiniuliza, umefanya nini. Mtoto alipoacha hata kulia ndipo nilipomtwaa, nikamlaza kizingitini kwa mzee, nikakimbilia nyuma ya ghala.

Alitoka. Alimwona mtoto, akatazama kulia, akatazama kushoto. Alisita, tena kwa muda mrefu, nami nikamchukia kwa kusita kule. Halafu akainama, akamwinua, akaweka sikio kifuani kwake. Alipoinuka alizungumza kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili alichojifunza kwenye kazi za barabara, na alizungumza na mtoto.

"Kamwene, Lwitiko," alimsalimu. "Mwambie mama yako, kifua hii mbaya. Tunaenda misheni sasa hivi. Yeye afuate nyuma. Mimi sigeuki kumwangalia."

Mpaka leo sijui alielewaje. Hakuwa amefundishwa desturi yetu na mtu yeyote. Nadhani aliniona nimejificha na bado sijaondoka, akajumlisha mwenyewe. Alimfunga mtoto kwa mgolole, juu kabisa karibu na shingo, akachukua mwanzi mmoja mrefu kati ya ile aliyokuwa hajaipasua, akashika njia. Nikamfuata kwa mbali na kanga yangu kichwani.

Hakutupeleka pale penye daraja. Alipandisha na mto mpaka mahali ambapo maji yalitanda mapana, akaingia. Maji yakamfika kiunoni. Akasimama, na bila kugeuza kichwa akausukuma mwanzi nyuma yake, ncha moja kwake na ncha nyingine kwangu.

"Lwitiko, mwambie mama yako ashike kwa mikono miwili. Chini kuna mawe ya utelezi. Asiogope. Siangalii."

Nikashika. Tulivuka hivyo, mwanangu, yeye mbele na mtoto wangu shingoni, mimi nyuma, na mwanzi katikati yetu. Katikati ya mto mguu ulinitoka. Nilizama mpaka kidevuni, na kanga ikaenda na maji. Nilihisi mwanzi unakaza, unanivuta, mpaka nikasimama tena. Mtu yeyote angegeuka kutazama. Shingo ya yule mzee haikusogea hata kidogo. Nilikuwa kichwa wazi, nimelowa chapachapa, na bado alinitunzia heshima yangu kuliko nilivyoweza kuitunza mwenyewe. Nililia pale majini, na haikuwa kwa hofu.

Hospitalini walimchoma mtoto sindano. Muuguzi alinitazama akaniambia nimechelewa sana, na angelala hivyo mpaka jioni tusingekuwa na la kuongea. Nilikaa naye siku tatu. Baba mkwe alikaa kwenye baraza la nje, mgongo wake umeelekea dirisha letu, na hakurudi nyumbani. Siku ya pili homa ilishuka na mtoto akataka ziwa. Alinyonya kwa pupa, akasongwa, akakasirika. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile hasira.

Mzee aliisikia pia. Akasema bila kugeuka.

"Lwitiko. Sasa umepona, peleka maneno kwa mama yako. Mwambie mimi sikuwa na hasira na yeye. Nilikuwa na aibu. Watu pale kijijini wanauliza, kwa nini mkwe anamficha mtoto? Ameona nini kwa huyu mzee? Sasa nikipita wanaita watoto wao ndani. Miezi miwili sasa. Jana nimekukuta mlangoni, nimeogopa kukushika. Ungefia mikononi mwangu, wangesema ndiyo hiyo, mchawi amekula mjukuu. Mwambie, kama kwao ni heshima, ni vizuri. Lakini angeniambia. Hata kwa kumtuma mtu angeniambia."

Mwanangu, fikiria. Kumbe miezi yote ile niliyokuwa nikijisifia malezi, nilikuwa nambandika mtu mwema jina la mchawi, kila asubuhi, mbele ya majirani. Na yeye alijua bei ya kumwinua mtoto wangu, ndiyo maana alisita, na akamwinua. Nikamgeuza mtoto aelekee dirishani.

"Mwambie babu yako," nikasema, "ndaga fijo. Mwambie nimemkosea."

Ndaga fijo kwetu ni asante sana. Hakuijua lugha, lakini niliona mabega yake yakishuka.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumerudi. Ibada ilipokwisha watu walisimama nje ya kanisa wakisalimiana, na baba mkwe alisimama peke yake karibu na ukuta, kama alivyozoea siku hizo. Nikatoka katikati ya wanawake. Miguu iligoma tena, sitakudanganya, lakini safari hii niliiburuta. Nikaenda mpaka mbele yake, kijiji kizima kinatazama, nikapiga magoti, nikainamisha uso mpaka chini. Sikumtazama, desturi yangu sikuitupa. Nikamwinua Lwitiko kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, nikangoja.

Uzito ukanitoka mikononi. Nikasikia mtoto anacheka, kisha mzee naye akacheka kwa sauti iliyokwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Mwanamke mmoja akasogea na mtoto wake kumsalimia, halafu mwingine. Nami bado nimepiga magoti, natazama miguu yao tu ikija kumzunguka.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, sasa niko hapa Mlandege, mjini Iringa, na wajukuu wasiohesabika, na bado naikumbuka. Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unapoleta mtoto duniani, usidhani watu wa nyumba uliyoingia wanakujua. Heshima uliyotoka nayo kwenu ishike, lakini ieleze, maana asiyeijua ataona dharau na atalala na kidonda usichokiona. Ukishindwa kusema mwenyewe, tuma mtu, au sema na mtoto wako mtu akiwa karibu anasikia. Usimfiche mtoto kwa wale wanaompenda. Na siku mtoto akiumwa, usikae jikoni ukingoja aibu iishe. Haiishi. Inuka nayo hivyo hivyo uende ukagonge mlango.

Mungu akulindie huyo mchanga, kifua chake kiwe chepesi na usingizi wake uwe mzito. Maziwa yako yasikauke. Akuzungushie watu wa kumbeba, wa kwenu na wa kwao, na siku mikono yako itakapochoka isikose mikono mingine ya kumpokea. Haya, mlete hapa nimshike kidogo, nawe ukale.