Miguu Kwanza, Ndipo Gunia

Mwaka wangu wa kwanza Nakuru nilibeba magunia ya mahindi kwenye ghala moja karibu na stesheni. Malori yalitoka mashambani kwa masetla wa Kizungu, nasi tukahamisha mzigo hadi kwenye mabehewa, tukipanda kwa ubao ulioegemezwa mlangoni mwa behewa.

Nilikuwa na nguvu, na nilijua hivyo. Asubuhi moja, gunia likiwa mgongoni, mtu aliniita kutoka nyuma. Niligeuza kiwiliwili, miguu ikabaki palepale. Goti la kulia likalia, ka! Nikaanguka na mzigo wangu.

Wiki mbili nililala chumbani. Niliishi na mbebaji mwenzangu, aliyenizidi umri kwa mbali, na kila jioni alinikanda goti kwa maji ya moto na chumvi.

"Gunia halikukuumiza," aliniambia. "Ulijiumiza kwa kugeuka."

Nilipoweza kusimama, alikunja blanketi langu akanibebesha.

"Sasa geuka. Hapana, miguu kwanza! Vidole vikielekea mlangoni, goti nalo lielekee mlangoni. Ukiinama, tanua miguu, shuka kama unayekalia stuli ya kukamulia ng'ombe."

Niliona haya, mtu mzima kufundishwa kutembea. Lakini nilifanya.

Niliporudi kazini, nyapara aliyetusimamia alitazama hatua zangu fupi za kugeukia. "Wewe, unacheza densi?" Wengine wakacheka.

Kisha siku moja mvua ikaanza, ubao ukaloa. Siku hiyo mguu wangu uliteleza, nikahisi mwili unataka kujipinda ili kuokoa mzigo. Niliuachilia. Gunia likapasuka, mahindi yakatapakaa kwenye matope.

Nyapara akaja mbio. "Umemwaga mahindi ya watu!"

 Mwenzangu akatua gunia lake taratibu.

"Nyapara, gunia linashonwa. Goti la huyu atalishona nani?"

Tulimngoja atufukuze wote wawili. Alitutazama, akautazama ubao, akaingia ghalani. Alitoka na sindano kubwa na uzi wa katani. Tuliyazoa mahindi, tukatenga yaliyochafuka, kisha yeye mwenyewe akashika gunia pale lilipopasuka nikishona.

Kesho yake tulikuta ubao umemwagiwa mchanga mkavu. Hakuna aliyeuliza ni nani ameuleta. Tulipanga foleni, tukaanza kazi, na safari hii hakuna aliyenikemea kwa kwenda polepole.