Cucu Alipokalia Kiungo cha Behewa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, bibi yangu, Cucu Wambui, alibeba kigoda na ungo wa njahi, yale maharagwe meusi yetu ya sherehe, akaenda kuketi katikati ya behewa la treni lililokuwa karibu kukatwa. Ngoja nicheke kidogo kwanza, ndipo nikueleze.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Kwenye reli ya pembeni, katika shamba la mkonge kati ya Thika na Ruiru, kulikuwa na behewa la abiria la zamani. Nasema behewa, lakini yalikuwa mawili yaliyoungana. Kwa kawaida kila behewa lina magurudumu yake ya mbele na ya nyuma. Haya pacha yalitengenezwa ili uzito upungue, kwa hiyo pale yalipokutana yote mawili yalikalia seti moja tu ya magurudumu. Ukipita ndani, kutoka moja hadi jingine, ulisikia sakafu ikicheza chini ya miguu, na sisi wasichana tulipenda hilo kupita kiasi.

Watu wa reli walipoacha kulitumia, walilitoa kwa kanisa letu liwe darasa la watoto. Waumini tulikuwa makundi mawili, la Thika na la Ruiru. Wazee wakakubaliana upesi: likatwe, kila upande uchukue nusu yake. Baada ya kukubaliana ndipo mtu alipoinama akaangalia chini. Ugomvi ukaanza. Yale magurudumu ya katikati ni ya nani?

Mimi nilikuwa wa Thika, na mchumba wangu Njoroge, fundi wa vyuma, alikuwa wa Ruiru. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kupokelewa. Baba akaapa mbele ya watu, "Magurudumu yakienda Ruiru, binti yangu haendi!" Nililia hadi macho yakavimba.

Siku ya kukata, Njoroge alikuja na msumeno wake, mnyonge kabisa. Akamkuta Cucu palepale kwenye kiungo, anachambua njahi za harusi yetu.

"Cucu, tafadhali toka hapo, utaumia."

"Wee Njoroge, si ukate tu! Lakini uniambie kwanza, hiyo nusu yenu itasimama na nini? Na hii yetu je?"

Njoroge akaushusha msumeno. Baba akaja akifoka, Cucu akamgeukia.

"Na wewe nilikuzaa mimi! Mnapigania mguu, na mguu wenyewe ni mmoja wa watu wawili. Ukienda huku, la kule litaanguka. Jifya moja haliinjiki chungu. Liacheni hapa lilipo, watoto watembee, wana miguu."

Mtu mmoja akacheka, halafu mwingine. Baba alijaribu kununa, akashindwa. Wagombanao ndio wapatanao: wiki hiyohiyo watu wa Ruiru waliziba paa lililovuja, wa Thika wakapaka viti rangi.

Harusi yangu ililiwa humo. Jamaa zangu walijaa upande mmoja, wa Njoroge upande wa pili, nami nikapita juu ya kile kiungo kwenda kwa wakwe zangu, wanawake wakipiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka madirisha yakatetemeka. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Na watoto wengi sana walijifunzia kusoma mle ndani.

Sasa nasikia wewe na dada yako mnataka kugawana kiwanja cha Ngoingwa, na kisima kiko katikati. Mwanangu, kabla ya kukata, inama uangalie ni nini kinachowabeba nyote wawili. Hicho hakigawanywi, hutunzwa. Wala usiharakishe kuvunja cha kale kwa sababu hukielewi. Aliyekiunda hivyo alikuwa na sababu yake.

Mpigie simu leo, umwambie nimewaita. Ngai awape moyo mwepesi wa kusameheana, na watoto wenu wakue wakijuana kwa majina.