Ngazi Niliyoiacha Imesimama

Nilioa ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa mvuvi kutoka upande wa Kongo, nikivuka kwa mtumbwi kuuza samaki, na kijiji cha Kabuta kikanipa mke. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Kibemba changu, lugha ya pale, kiliwachekesha watoto, kwa hiyo mimi na mke wangu tuliongea Kiswahili cha sokoni hata tukiwa nyumbani.

Desturi ya ukweni ilinisumbua mwanzoni, kisha ikanikaa mwilini. Mkwe mwanamume hasemi na mama mkwe wake. Hamwiti, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia majanini kumpisha mwenzake. Inakuwa hivyo mpaka siku ukoo wa mke utakapopika, wamkaribishe ndani, na mama mkwe mwenyewe amwambie neno la kwanza. Kabla ya hapo anamlimia, anamkatia kuni, anamtengenezea nyumba. Anafanya kazi wakati mama mkwe hayupo, na anaondoka kabla mama huyo hajarudi.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu paa la mama mkwe lilioza upande mmoja, na mvua za kwanza zilikuwa karibu. Mke wangu alinishauri niwaombe kaka zake msaada. Nilikataa. Nilitaka isemwe kwamba yule mtu wa Kongo amelimaliza peke yake, na ujinga wangu ulianzia hapo.

Nikakata miti, nikaunda ngazi. Watu wa pale hufunga vidato kwa gome bichi la mti, wanaloliita lushishi, ambalo likikauka linabana. Lakini kulitafuta gome ni mwendo mrefu, na mimi nilikuwa na kamba ya pamba niliyoitoa kwenye wavu mkuukuu. Nikailoweka kwanza, maana ndivyo mvuvi anavyofunga. Kamba ya pamba ikilowa hujaa, fundo likakaza, na ziwani haipati nafasi ya kukauka. Sikukumbuka kwamba ngazi haikai majini. Jua la msimu ule liliikausha asubuhi moja tu, ikakonda, na mafundo yote yakalegea.

Kufika mchana nilikuwa nimeng'oa nyasi zilizooza na paa lilikuwa na tundu la kupita mtu. Nikiwa nashuka, kidato cha tatu kutoka juu kikazunguka chini ya mguu wangu. Nilining'inia kwa mikono, nikatukana, nikajishusha. Nikavijaribu vidato vingine kwa mkono, vyote vikawa vinacheza. Basi nikaenda kutafuta lile gome nililolikwepa, na ngazi nikaiacha imeegemea ukuta. Kuilaza chini kungenichukua muda wa kupiga chafya. Sikuilaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilijua mwenye nyumba yuko shambani mpaka jioni.

Nilipokuwa narudi na gome begani, wingu zito lilikuwa limetanda juu ya ziwa. Nikatokea kwenye mihogo nyuma ya nyumba, nikamwona mama mkwe. Wingu lilikuwa limemrudisha mapema, maana chini ya tundu langu kulikuwa na karanga zake za mbegu. Alikuwa na mkeka kwapani wa kuzibia paa, na mguu mmoja tayari ulikuwa kwenye ngazi. Kati yetu zilikuwa hatua kama thelathini.

Sauti ilinifika kooni. Nasema kweli, ilifika. Lakini nikasimama pale pale, nikageuza uso kama nilivyozoea. Nikajiambia ni mwanamke mwepesi, atatandika mkeka na kushuka salama. Nikajiambia pia kwamba mkwe akimpigia mama mkwe kelele, kijiji kitamsema mwezi mzima. Nikasikia kidato kikizunguka, kisha nikamsikia akianguka.

Alivunjika nyonga. Shemeji zangu walimbeba mpaka zahanati ndani ya wavu uliofungwa kwenye mti mrefu. Walipokuwa njiani mimi nilifungua kamba zote za ngazi, nikazitia kwenye moto wa kukaushia samaki. Waliporudi nikawaambia mchwa walikuwa wamekula mti wa ngazi. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Weye ulikuwa wapi?"

"Mu pori," nikamjibu. "Nilienda kutafuta lushishi."

Aliniamini. Hata alinihurumia, akasema nisijilaumu kwa ajali, na huruma ile iliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma. Paa nililimaliza kwa ngazi mpya iliyofungwa kwa gome. Nilijaribu kila kidato kabla ya kukikanyaga, na ngazi niliilaza chini hata nilipokwenda kunywa maji. Uangalifu wote huo ulikuja wakati mwenye nyumba amelala chali zahanatini. Alipoinuka alitembea kwa fimbo, akiburuta mguu, na hakwenda tena ufukweni kuanika samaki. Kila nilipoiona fimbo ile kwa mbali nilijichukia.

Mwaka uliofuata ukoo wa mke wangu ukapika, wakanikaribisha ndani. Niliketi kwenye mkeka ndani ya nyumba ile, chini ya paa langu, mke wangu amepiga magoti kando yangu na jagi la maji ya kunawa. Mama yake akaletwa, akasaidiwa kukaa mbele yangu. Nilitarajia salamu au baraka. Alichagua Kiswahili chake cha kuuzia samaki, kwa ajili yangu.

"Bukwe," akasema, ndivyo wanavyomwita mkwe, "ile siku nilikuona ku mihogo. Ulisimama. Nikasema, bukwe anaona, kama ngazi iko mubaya atapiga kelele. Njo maana nikapanda."

Hakusema kwa ukali. Nadhani alitaka tu nijue kwamba hakupanda kwa uzembe, na kwamba mwaka mzima hakumwambia mtu. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kusema naye. Nilifungua kinywa, na neno pekee lililotoka lilikuwa "Mama."

Mke wangu alinimiminia maji mikononi bila kunitazama, mpaka jagi likaisha. Kisha akainuka, akaenda kukaa upande wa mama yake.