Kupaa Juu ya Mahame ya Makote

Hakuna kitu kilichowahi kunipandisha hasira kama ile ramani ya kupaa. Fundi alirusha droni siku mbili juu ya Makote, picha zikaunganishwa kwenye kompyuta, ikawa nchi nzima ya kuingia: paa za bati, makorongo, kila mkorosho na kivuli chake. Kazi yangu, katika ofisi ya mradi wa maji Newala, ni kuchora humo njia ya bomba. Unabonyeza W unakwenda mbele, S unarudi nyuma, mausi inageuza kichwa. Wanasema ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Siku hiyo mchoro ulitakiwa Masasi kabla ya saa sita, na asubuhi ile ile mama yangu kasikia bomba linapita kwenye mahame yetu, kijiji alichokihama nikiwa tumboni. Akanifuata mpaka ofisini. Huko ndiko alikozikwa dada yangu mkubwa, aliyekufa hajaota meno. Hana msalaba wala saruji. Ana mawe matatu chini ya mkorosho, na anayeujua mkorosho huo ni mama peke yake. Muda wa kwenda Makote na kurudi haukuwepo. Nisipoweka alama, katapila litamfukua.

"Haya mama, ni wapi?"

Akakodolea kioo macho. Nikagusa mausi kidogo tu, lo, tukapaa mpaka bonde la Ruvuma! Nikarudi, nikapitiliza. Nikageuka, mikorosho yote ikalala ubavu. Nikabonyeza kwa hasira, tukatumbukia chini ya ardhi, kijivu kitupu. Mama akajishika kifua.

"Ndiko aliko huku?"

"Huku hakuna kitu mama, ni picha! Nionyeshe mti!"

Akavuta kanga yake, akatazama dirishani. Saa tano na nusu. Tumeshazunguka juu ya mahame yale mpaka kichwa kinaniuma, naye amenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Uvumilivu ukanishinda.

"Kama umesahau, sema umesahau!"

Akanigeukia taratibu.

"Nisahau mimi? Nimepaona tangu ulipofungua hiyo mashine. Lakini wewe unapita juu ya kaburi la dada yako, unakwenda, unarudi, humwombi hata radhi. Nikunyooshee kidole uzidi kumkanyaga? Shuka. Ingia kwa njia, kama watu."

Nilipata aibu, jamani. Nikapunguza kasi hadi mwisho, nikashuka mpaka usawa wa macho, nikaingia kwa njia ya zamani ya kisimani aliyonionyesha mama, W kidogo kidogo.

"Kushoto. Pita pembeni. Hapo, simama."

Mstari wangu ulikuwa umepita juu ya mawe yenyewe. Nikausogeza mbali, nikaweka alama. Kikafunguka kisanduku: andika jina.

Nikaweka vidole kwenye kibodi, vikabaki hapo hapo. Mimi niliyemwambia mama kasahau, maisha yangu yote sikuwahi kuuliza dada yangu aliitwa nani.