Kichwa cha Kambale na Jino Lililojificha

Germaine hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. Boti ikichelewa kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, atauliza kwa nini. Mgeni akipita na viatu visivyofanana, atamuuliza kimoja kimeenda wapi. Katika soko la samaki la Nchelenge walizoea hivyo, wakasema mama huyu wa Kikongomani atakuja kumhoji hata malaika wa kifo. Jambo moja tu hakulihoji kamwe: shavu lake la kushoto lilivimba kwa nini. Hilo alikuwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe liliitwa Pierrette.

Wawili hao walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, wakiuza kambale wa kukausha kwenye meza moja. Wakaja kukosana juu ya mteja mmoja wa mji wa Mansa. Ili yaishe, Pierrette akamwita mwenzake nyumbani, akampikia bukari, ule ugali wa kwao, na kambale mbichi, akamwekea kichwa. Kwao kichwa hapewi mtu hivihivi. Ni cha mgeni wa heshima. Germaine akakitafuna kwa furaha mpaka mfupa ukamchoma ufizi. Miezi michache baadaye uvimbe ukaanza, mgumu, usiouma, ukikua taratibu. Majirani hawakukawia kumkumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akahamisha meza. Mwaka wa tatu sasa hakumsalimu Pierrette wala kugusa kichwa cha samaki, na kitenge alikitanda mpaka kidevuni.

Kanisani likatoka tangazo kwamba daktari wa meno na taya amefika hospitali kutoka Ndola. Germaine akaenda amejifunika, akiamini ziwa zima halina shavu kama lake. Kumbe benchi lote lilikuwa mashavu ya namna hiyo, ya kulia na ya kushoto.

Haya ikashindwa na udadisi, kitenge kikashuka. Akamuuliza Kaoma, mvuvi wa Kilwa, lake lilitoka wapi. Kaoma akasema shemeji yake alimpiga kasia. Mapalo, binti mkulima wa Mwansabombwe, alilaumu muwa. Bibi mmoja akamtaja mke mwenzake, jina na ukoo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini Germaine aliona ajabu moja: mashavu yanafanana, wenye hatia hawafanani hata kidogo. Hakuna kati yao aliyewahi kula kwa Pierrette. Kama Pierrette hana kosa, basi kuna mwingine mwenye kosa, na huyo amekaa palepale kwenye benchi, amevaa kitenge chake.

Kabla hata hajakalia kiti cha daktari akauliza, kwa Kibemba chake cha sokoni, wale wote pale nje wana nini. Daktari Thelma akacheka. Alimweleza kwamba uvimbe wa mfupa wa taya si kioja kama watu wanavyodhani. Kila anapokwenda huwakuta wenye nao, ila kila mmoja hujificha kwake. Wengi wa wagonjwa wake wana mfuko wa maji tu ndani ya mfupa, mara nyingi umeanzia kwenye jino lililokufa au lililokataa kuota. Wengine wana uvimbe wenyewe, unaokula mfupa polepole, na hao huenda wakakatwa kipande cha taya. Kwa kutazama usoni, alisema, hata yeye hawezi kuwatofautisha. Akampeleka kupigwa picha.

Picha ilipotoka, Germaine aliitazama kuliko daktari mwenyewe. Ndani ya mfupa wake, katikati ya duara jeusi, jino lilikuwa limelala ubavu. Lilipaswa kuota tangu usichana wake, Thelma alisema, likakwama, maji yakalizunguka. Na mfupa wa samaki? Thelma akasema samaki hakuhusika. Germaine alifurahi kwamba taya lake litabaki, kisha akaona aibu.

Alipasuliwa wiki hiyohiyo. Mfuko ulipelekwa kupimwa, ukaonekana hauna ubaya. Jino aliliomba, akafungiwa kwenye kitambaa. Alipoweza kutembea vizuri hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Pierrette.

Alilifungua lile jino kwenye kiganja, akamwita mwenzake kwa jina la mtoto wake kama zamani. "Mama Djo, ni hii njo ilinivimbisha. Haikukuwa kichwa yako. Nilikunyima bonjour juu ya jino yangu mwenyewe. Unisamehe."

Pierrette aliligeuzageuza kwa kidole, hana haraka. Machozi yalimlenga, lakini sauti haikutetemeka.

"We unaulizaka batu bote, Mama Gaëlle. Mbona mimi haukuniuliza?"

Germaine alibaki amesimama na kiganja wazi, na aliumia kuliko alivyoumia kwa kisu cha daktari.

Pierrette akaingia jikoni. Alitoka na sahani ya bukari laini na kichwa cha kambale. Germaine akaonyesha shavu lake lenye nyuzi, kwamba hawezi kutafuna. Pierrette alinawa mikono, akaketi, akaanza kuchambua nyama ya kichwa kidogokidogo, akiipondaponda ndani ya mchuzi. Kisha akaisogeza sahani.

"Kula. Mifupa nimeisha kutoa yote."